Giza la Kuazima

Wengine wakisikia harufu ya udi huwaza arusi. Mimi huwaza fizikia. Juzi nilipita kwa mpwa wangu anayetarajia kuolewa, nikakuta nguo zinafukizwa, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimesharudi darasa la tisa, Temeke, enzi za Mwingereza, nimekaa gizani na wenzangu huku mkaguzi akikohoa nyuma yetu. Wacha niwasimulie, maana nikiwaacha hivi mtadhani uzee umenipanda kichwani.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu cha udongo kilichopakwa chokaa. Zamani kilikuwa ghala la mbata, na siku za joto kuta bado zilitoa ile harufu ya nazi iliyochacha. Madirisha yalikuwa mapana, hayana mbao, yana fito tu, na mbuzi wa jirani akitaka kujua tunasoma nini alichungulia bila taabu. Vifaa vyote vilienea ndani ya sanduku la majani ya chai: mizani iliyoinama upande, sumaku iliyochoka, na kipande cha kioo cha pembetatu ambacho mwalimu alikiviringisha kwenye leso yake kama pete ya urithi. Vilivyobaki alivichora ubaoni. Alichora betri, akachora waya, akachora taa, kisha akatuambia, "Sasa inawaka." Nasi tuliandika kwamba inawaka.

Mwalimu huyo aliitwa Elieza, kijana kutoka milima ya Upare, mgeni kabisa wa pwani. Nilimpenda sana. Alipoieleza ile taa ya chaki, mimi niliuona mwanga wake.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Mama yangu, Bi Zainabu, hakuwahi kukaa darasani. Siku nilipomwambia tumeanza fizikia alinishika kidevu na kunifunua mdomo. "Fizi zimefanya nini?" akauliza. Nilijitahidi kueleza, lakini habari ilishavuka ua. Mtaa mzima ukajua mtoto wa Bi Zainabu anasomea meno, na majirani wenye magego mabovu wakaanza kunisalimia kwa heshima kupita umri wangu.

Basi mkaguzi wa elimu, Mzungu mrefu aliyeongea Kiswahili cha kitabuni, alituletea onyo. Shule isiyo na maabara ya maana haiwezi kufundisha fizikia. Angekuja kutazama somo moja, na lisipomridhisha, fizikia ingefutwa na sisi tungepelekwa kwenye kilimo cha bustani. Sikuwa na ugomvi na mchicha. Ila moyo wangu ulishanasa kwenye fizikia.

Mwalimu Elieza aliamua kufundisha mwanga. Angeupitisha mwali wa jua kwenye kile kioo chake, utokee ukutani umegawanyika kama upinde wa mvua. Tatizo lilikuwa giza. Chumba chetu hakikuwa na giza hata kidogo.

"Leteni mashuka meusi," alisema.

Tulitazamana. Nani analalia shuka jeusi? Ndipo Salumu, aliyekaa nami dawati moja, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sie nyumbani tuna buibui."

Mwalimu akakunja uso. "Buibui? Watanisaidia nini? Wafume utando dirishani?"

Tulicheka mpaka mbuzi akakimbia. Huko kwao milimani neno hilo lilikuwa na miguu minane tu. Tulipomfahamisha kuwa ni vazi jeusi la mama zetu alicheka naye, kisha akasema jambo ambalo mtu wa pwani asingethubutu kulitamka: kila mmoja alete la mama yake.

Hakujua anaomba nini. Wakati ule mama zetu waliweza kwenda kisimani au kwa jirani na kanga zao mbili, lakini kutoka nje ya mtaa bila buibui, haiwezekani. Ukimwazima mwanamke buibui lake umemfungia ndani. Hata hivyo walitoa, wengine kwa kunung'unika. Mama alinikabidhi lake limekunjwa vizuri, akanionyesha tundu dogo upande wa bega, lililochomwa na cheche ya chetezo cha udi.

"Nataka kulitia uzi siku zote, sijaliwahi," alisema kwa haya. "Litundike pembeni, Mzungu asilione."

Siku ya mkaguzi tulitundika mabuibui mawili mawili, moja juu ya jingine, ila la mama lilikosa mwenzake na likaangukia dirisha la katikati. Giza likaingia, na pamoja nalo udi, asumini, mafuta ya nazi. Mkaguzi aliketi nyuma, akaanza kukohoa. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anafungua leso, mara tukasikia sauti za wanawake uwanjani. Nilitumwa nje.

Walisimama kundi zima, wamejitanda kanga, mbele yao mama na jirani yetu Bi Mwajuma. Kulikuwa na msiba Ilala.

"Toeni mabuibui yetu," alisema Bi Mwajuma. "Watu wanakwenda kuzika, nyie mmetufungia kwa ajili ya fizi!"

Msiba haungoji, nami nilijua hivyo. Nilimtazama mama, machozi yakinilenga, naye akawageukia wenzake.

"Maiti bado haijaoshwa," aliwaambia. "Tuwangojee watoto wamalize." Kisha akasimama pale pale, juani, na wengine wakasimama kwa kuwa yeye amesimama. Bi Mwajuma alisimama huku akisonya.

Niliporudi ndani hakuna aliyenigeukia. Wote walikuwa wanatazama ukuta. Juu ya chokaa, kutokea kwenye tundu la buibui la mama, uwanja wa shule ulikuwa umeingia darasani kichwa chini: mchanga juu, mbingu chini, na katikati wanawake wa kanga nyekundu na njano, wananing'inia kwa miguu, wametulia. Nilimtambua mama. Aliinua mkono kufuta jasho, na ukutani mkono wake ukashuka.

Mwalimu Elieza alikirudisha kioo chake kwenye leso taratibu. Akaueleza mwanga unavyokwenda mstari mnyofu, ukitoka juu ukapita tunduni ukaangukia chini, na kwa mara ya kwanza hakuchora chochote.

Mkaguzi alisogea ukutani, akainamisha kichwa mpaka karibu kipinduke. "Hawa ni nani?" aliuliza.

"Ndio wenye giza, bwana," alisema Mwalimu. "Hili tumeliazima kwao."

Mzungu alicheka, akakohoa, akaandika. Alipotoka aliwavulia kofia wale wanawake, akamwambia Mwalimu fizikia ibaki. Tulishangilia kama wehu, kisha tukakumbuka msiba tukanyamaza. Kukawa na kazi ya kugawa mabuibui, yote meusi, kila mama akinusa kutafuta udi wake. Mama hakuhangaika. Aliinua lile lenye tundu akaondoka nalo Ilala.

Jioni aliniuliza tuliona nini. "Tulikuona wewe, mama, kichwa chini miguu juu."

"Mungu wangu! Na kanga?"

Nilimhakikishia kwamba kwenye picha kanga hugeuka na mwenyewe. Alifikiri sana, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Tundu lile hakulitia uzi tena. Nilidhani amesahau. Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa fizikia, katika maabara yenye mapazia mazito ya kiwandani. Nilimnunulia buibui jipya, akalivaa kwenye arusi na misiba. Lakini siku nilipomwalika aje aone ninapofundisha, alitoka chumbani na lile kuukuu, limepauka, limefukizwa udi.

"Mama, jipya liko wapi?"

"Jipya halijasoma," alisema, akipitisha kidole kwenye lile tundu. "Shule mie huenda na hili."

Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba siku ile mama alisimama nje. Nilimshika mkono tukaenda shule.