Mstari wa Chokaa Kwenye Geti la Mgodi

Samli ikichemka jikoni na kuanza kutoa ile harufu yake nzito, ya maziwa yanayokaribia kuungua, mimi huacha ninachokifanya. Wajukuu wangu wamenizoea. Wanadhani bibi yao ameshikwa na njaa. Kinachonishika ni hasira, tena hasira yenye umri mkubwa kuliko mama yao.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nywele za Minza. Mama yake alimpaka samli kila baada ya kumsuka, akamkanda kichwa kizima mpaka mistari ya nywele ikang'aa kama imepigwa rangi. Jua likipanda, samli iliyeyuka ikamtiririkia nyuma ya masikio, na nzi wa njia nzima wakatusindikiza. Nilimwambia siku moja kwamba kutembea naye ni sawa na kutembea na kitoweo. Akanijibu, "Na kutembea na wewe ni sawa na kutembea na jiwe. Nywele zako ziko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuniuliza. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na shuleni tulikatwa nywele kwa mkasi mpaka zikabaki kama manyasi yaliyoliwa na mbuzi. Baba yangu alifanya kazi ya reli pale Shinyanga. Kiangazi kile, miaka michache baada ya vita vikuu kwisha, alinipakia kwenye lori la mfanyabiashara wa pamba nikakae likizo kwa dada yake, Shangazi Tatu, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Msiutafute mgodi huo. Ulikwisha zamani, na pori limerudi mahali pake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Minza alikuwa na miaka hiyo hiyo, kwa hesabu ya mama yake aliyesema mwanawe alizaliwa mwaka wa nzige. Lakini wazazi wake walikuwa Wasukuma warefu, na yeye alikuwa amerefuka msimu ule mmoja kama mtama uliopata mvua. Mimi nilimfikia begani. Watu wakituona walidhani ni dada mkubwa ametumwa pamoja na mdogo wake.

Kazi zetu zilitukutanisha. Shangazi alikaanga maandazi alfajiri, nami nikayapeleka kwenye kibanda walichokulia wafanyakazi, ndani ya uzio, karibu na kinu kilichoponda mawe kutwa kucha kwa kishindo kilichotikisa mpaka vikombe. Minza alileta maziwa ya mgando ya ng'ombe wa baba yake, akiwa na vibuyu viwili, amefuatana na jirani yao, Bibi Kalunde. Bibi huyo alikuwa na wajukuu wasiohesabika na alikuwa mfupi kuliko mimi. Tulipomaliza kuuza tulirudi pamoja njia ndefu kwa makusudi. Minza alinifundisha kubeba kibuyu kichwani bila kukishika, na kuwapigia ng'ombe mluzi. Mimi nilimsimulia habari za treni, ambayo hakuwahi kuiona. Maswali yake sikuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine.

"Treni ikikutana na ng'ombe, nani anampisha mwenzake?"

"Ng'ombe."

"Basi ng'ombe wa huko hawana adabu ya ng'ombe," alisema kwa kuwahurumia.

Jambo kubwa lililomjaa kichwani kiangazi kile lilikuwa harusi ya dada yake Kabula. Minza ndiye aliyechaguliwa kumsindikiza bibi harusi: kutembea ubavuni pake tangu nyumbani mpaka kwa mume, kumshikia mwavuli, na kukaa naye siku za mwanzo ugenini asione upweke. Kwa msichana wa kwao hakukuwa na heshima inayopita hiyo. Nywele zile zilikuwa zikilishwa samli kwa ajili ya siku hiyo. Mama yake alikuwa tayari na shanga za kuzipamba, na Minza alinionyesha jinsi atakavyotembea, taratibu, kidevu juu, huku mimi nikiwa bibi harusi anayelia. Nililia vizuri sana.

Kisha dhahabu ikapungua kinuni. Ilipungua au haikuwepo tangu mwanzo, hilo halijajulikana mpaka leo. Msimamizi wa mgodi, Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa kwa sababu alitazama saa yake hata akiamkiwa, alitoa amri. Wanaume walikuwa wakipekuliwa siku zote. Sasa na wanawake wanaoingia kuuza vyakula wapekuliwe wakitoka. Watoto wapite.

Lakini mtoto ni nani? Hapo ndipo akili za watu wazima zilipofanya kazi yake. Kwenye nguzo ya geti kulikuwa na mstari wa chokaa, uliochorwa zamani kwa ajili ya vijana walioomba kazi: aliyeufikia kwa utosi aliandikwa kuwa mwanamume, asiyeufikia alirudishwa kwa mama yake. Karani wa mgodi, Elieza, mtu wa kuja ambaye Kisukuma hakukijua wala hakutaka kukijua, aliona mstari ule unatosha. Msichana akiufikia ni mwanamke. Asipoufikia ni mtoto.

Asubuhi ya kwanza ya amri ile tulipanga foleni kutoka. Bibi Kalunde alisimama chini ya mstari. Askari wa geti akamtazama, akatazama mstari, akamtazama tena.

"Mtoto," akasema. "Pita."

Bibi akapita huku akicheka mpaka ufizi wote ukaonekana. "Asante, baba. Nikifika nyumbani nitamwambia mume wangu aniandalie uji."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nami nikapita, upana wa kiganja ulibaki kati ya kichwa changu na chokaa. Kisha Minza akasimama kwenye nguzo, na mstari ukamgusa chini ya sikio.

"Mwanamke. Kaa pembeni."

Mke wa askari ndiye aliyewekwa kupekua. Alimwaga maziwa yaliyobaki kwenye vibuyu, akatia kidole ndani, hakuona kitu. Akashika nywele, mkono ukatoka umelowa samli, na vumbi la kinu likang'aa kwenye vidole vyake. Vumbi lile lilikuwa kwenye nyusi za kila mtu pale, hata zake mwenyewe. Lakini alimwita mumewe, mumewe akamwita karani, na karani akasema kwamba dhahabu ya unga hushika kwenye mafuta, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kichwa kilichosukwa hivi hakichaniki, jambo ambalo pia ni kweli. Kwa mambo hayo mawili ya kweli akatoa hukumu: zinyolewe.

Walimnyoa palepale, kwa wembe, mchana kweupe, amekaa kwenye debe. Mimi nilikuwa nje ya uzio, nimeshika waya kwa mikono yote miwili. Minza hakulia. Alifumba macho wembe ulipopita juu ya sikio, basi. Nywele zake walizitia kwenye karai, wakazimwagia maji ya moto na majivu, wakaanza kulizungusha karai lile kama wanavyozungusha mchanga wa mtoni, karani ameinama, askari ameinama, mkewe ameinama, vichwa vitatu vikisubiri dhahabu ya Minza itulie chini.

Kulibaki mchanga kidogo.

"Nipeni nywele zangu," Minza akasema, kwa Kiswahili chake kidogo cha kuuzia maziwa.

"Zinakaa hapa mpaka tuhakikishe," karani akajibu. "Kwa sasa ni mali ya mgodi."

Hapa inabidi niwaeleze wale ambao hawakukulia huko. Kukatwa kwa mkasi, kama sisi wa shule, hakukuwa kitu. Lakini kunyolewa kwa wembe mpaka kichwa king'ae, hiyo ilikuwa kazi ya msiba. Mtu akifa, waliobaki hunyolewa. Msichana aliyetembea njiani na kichwa kile alikuwa akitangaza kifo, na watu tuliokutana nao walisimama, wakaweka mizigo chini, wakamwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Mwanzo Minza alijibu kwamba hakuna. Baadaye akaacha kujibu. Mama yake alipotuona tunakuja alianza kupiga yowe kabla hatujafika uani, kwa kuwa alidhani tumemletea habari ya mumewe.

Na kichwa cha msiba hakisindikizi bibi harusi. Hilo halikuhitaji kikao. Shanga zilirudishwa zilikotolewa, na binti wa baba mdogo akaanza kusukwa.

Baba yake, Mzee Maduhu, hakuwa mtu wa kelele. Kesho yake alichukua fimbo yake, akamchukua Minza, akaja mpaka kwa Shangazi Tatu kuniomba mimi nimtafsirie. Wasukuma waliofanya kazi mgodini walikuwa wengi, lakini hakuna aliyethubutu kuwa mdomo wake mbele ya Bwana Saa. Mimi nilikijua Kisukuma cha mitaani Shinyanga, na sikuwa na kazi ya kufukuzwa.

Shangazi alininong'oneza, "Sema wanachosema, usiongeze chumvi yako."

Tulisimama mbele ya ofisi, Mzee Maduhu mbele, mimi kando yake, Minza nyuma, amejifunika kaniki kichwani. Bwana Saa alitoka na karani Elieza. Alijua Kiswahili, kile cha kuamrisha.

"Mwulize," akasema Mzee Maduhu, "nimekuja na mwanangu mwenye kichwa cha msiba. Nani amekufa?"

Nikauliza. Bwana Saa akatazama saa.

"Hakuna mtu amekufa. Mwambie nywele zitaota."

"Mwambie najua zitaota. Hata majani yanaota. Kwetu anayemnyoa mtu bila msiba huleta kondoo, kondoo akachinjwa, nyumba ikatakaswa. Namtaka kondoo kabla ya harusi."

Nilipolifikisha hilo karani aliangua kicheko. "Kondoo wa nywele! Na akikatwa kucha je, tulete kuku?"

Hilo nilitakiwa kulitafsiri, na nililitafsiri, neno kwa neno. Mzee Maduhu alilisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza bei ya chumvi. Bwana Saa akasema kitu kwa Kiingereza, karani akaingia stoo, akatoka na kitambaa chekundu cha kufunga kichwani.

"Mwambie huyu ndiye kondoo wake," karani akasema.

Mzee Maduhu hakukipokea. Alishukuru kwa kusikilizwa, kwa heshima kamili, akageuka tukaondoka.

Kuanzia siku ile maziwa hayakufika mgodini. Sio ya Maduhu tu. Ya vijiji vyote vilivyotuzunguka. Ukiuliza uliambiwa ng'ombe wamekauka. Bibi Kalunde alipoulizwa getini alisema yeye ni mtoto, mambo ya ng'ombe waulizwe wakubwa. Wachimbaji walikula ugali mkavu, wakanung'unika, na nasikia hata chai ya Bwana Saa ilinywewa nyeusi. Mwishowe kondoo akaja, mnene, anavutwa na yule yule askari wa geti.

Alikuja baada ya harusi.

Kabula alikwisha kupelekwa kwa mumewe, mwavuli umeshikwa na mkono mwingine. Siku msafara ulipopita, Minza alikaa nyuma ya nyumba akichunga ndama ambao hawakuhitaji kuchungwa. Nilikaa naye. Nilijaribu kumsimulia habari za treni, akaniambia, "Leo nyamaza, Zaituni." Ila yule kondoo alipofika wanaume walishangilia kama wameshinda vita. Alichinjwa, nyumba ikatakaswa, pombe ikanywewa. Minza hakula nyama ile.

Na ilikuwa kwenye karamu ile ile nilipomsikia mgeni mmoja, mzee wa kijiji cha pili mwenye mtoto wa kiume wa kuozesha, akisema kwa furaha, "Maduhu, unangoja nini kwa huyu? Mgodini wamempima wakaona ni mwanamke." Wazee wakacheka. Mzee Maduhu naye akacheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama binti yake aliyekuwa akipita na mtungi, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Niliporudi mwaka uliofuata sikumkuta. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika, na yeye alikwisha kwenda. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akasema, "Mwenzako ni mama wa nyumba sasa." Alisema kama anayenipa habari njema, lakini hakunitazama. Mimi nilikuwa bado nacheza mdako.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hasira yangu ni ya Bwana Saa na karani wake. Wanaistahili, na sijawapunguzia hata leo. Lakini nilipokuwa na mabinti wangu mwenyewe, wa kwanza alipoanza kunipita kwa urefu na majirani wakaanza kunitania nijiandae kwa wageni, niliikumbuka ile siku ya mbele ya ofisi, nikaipitia taratibu kama mtu anayetafuta alichoangusha njiani. Nilikumbuka swali la baba, jibu la msimamizi, kicheko cha karani, hesabu ya kondoo, kitambaa. Wanaume watatu walimgombea msichana aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Kila neno lililosemwa pale kutoka upande mmoja kwenda wa pili lilipita kinywani mwangu, na ndiyo maana nina uhakika wa ninalosema: hakuna aliyenipa swali la kumpelekea Minza.