Nati za Shangazi

Shangazi yangu alimpenda fundi bomba. Nalisema mapema, mtu asije akadhani hii ni habari ya mabomba. Alimpenda, mwanamke mtu mzima, mjane, mshona mapazia, na jengo zima tulijua, isipokuwa fundi mwenyewe.

Naishi naye ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, jiko la kugeukia kwa zamu, na sebule yenye zulia la ukuta kwa ukuta, rangi ya maziwa. Lo, zulia hilo! Mimi ni damu yake, lakini kati yangu na zulia, nyumba ikiwaka moto, sina uhakika angeanza kuokoa nani. Hakuna aliyewahi kulikanyaga na viatu, hata mwenye nyumba. Chai ikimwagika, husugui. Ole wako usugue! Unakandamiza kwa kitambaa cheupe, unatia maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, unakandamiza tena, huku unaomba radhi. Jumapili asubuhi analichana kwa brashi mpaka manyoya yote yalale upande wa dirishani, kisha ni marufuku kupita. Nikinyata kwenda kwenye friji, nyayo zangu zinanisema.

Sasa huyo fundi. Mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa, anayeongea na mabomba zaidi kuliko na watu. Unamsikia chini ya sinki, "Haya bwana mkubwa, legea basi, tusigombane." Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya bomba la bafuni, akavua buti mlangoni kabla hajaambiwa. Shangazi akameza mate. Mara ya pili alikuja na ndara mpya ndani ya mfuko, akasema, "Hizi ni za humu ndani tu, Mama Mapazia." Jamani! Wanawake wengine huletewa maua. Shangazi yangu aliletewa ndara, na akaimba wiki nzima.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa mgonjwa. Leo sinki linadondosha, kesho kutwa limerudia. Asubuhi moja nikamkuta Shangazi amejikunja ndani ya kabati la chini ya sinki, miguu tu iko nje.

"Shangazi, unafanya nini huko?"

"Natafuta kijiko."

Kijiko gani kinatafutwa kwa spana? Nikarudi zangu sebuleni. Nina heshima zangu, ingawa siku hiyo zilinikaba kooni.

Basi fundi atakuja, atakaza, atakunywa chai, wataongea habari za mvua na vipira vya bomba, ataaga. Hakuna neno. Nilikuwa nataka kupiga ukuta.

"Mwambie, Shangazi!"

"Kizuri chajiuza," akanijibu, pua juu.

"Chako kimekaa dukani miaka miwili."

Alinirushia kidude cha nyuzi, nikainama.

Mchezo ungeendelea mpaka uzeeni, ila Alhamisi moja fundi aliweka kikombe chini akasema amepata kazi kwenye ujenzi, mji wa mbali. Anaondoka Jumamosi. Hajui kama atarudi. Shangazi akasema, "Hongera sana, Fundi," kisha akaenda chumbani kutafuta kitu ambacho mpaka leo hakijulikani ni nini, asitoke mpaka fundi alipoondoka. Sauti ya mtu anayelia huku ameziba mdomo kwa mto naijua. Iliniuma.

Ijumaa asubuhi niko sebuleni napiga pasi mapazia, nikasikia spana jikoni. Nikajua anamwita kwa mara ya mwisho. Sasa elewa hapa: siku zote alikuwa akilegeza nati ya bomba la maji machafu, lile linalodondosha tone mojamoja, kwa adabu. Siku hiyo macho yamevimba, mkono una haraka, akashika nati ya bomba linaloleta maji. Akaizungusha yote.

Phuuu! Miwani yake iliruka. Shangazi akatoka kabatini kinyumenyume, kichwa kinachuruzika, anapiga kelele nifunge maji. Nikakimbilia koki ya ukumbini. Imekwama kwa kutu! Ile koki fundi alikuwa ameomba aibadilishe mara chungu nzima, lakini kila akija anapewa mgonjwa mwingine. Nikampigia simu. Alikuwa jengo la pili anaaga wateja.

Maji yakatoka jikoni bila kubisha hodi. Yakaingia kwenye zulia. Maziwa yakawa uji.

Fundi alikuja mbio anahema, akafika mlangoni, akasimama. Halafu, nakuapia, akainama kufungua kamba za buti. Kamba imeingia fundo. Anahangaika nayo kwa vile vidole vinene, na bomba linamwaga!

"Ingia na viatu!" Shangazi akapaza sauti.

Fundi akainua kichwa. "Na viatu?"

"Na viatu, na matope yake! Ingia, mwanaume wewe!"

Akaingia. Buti nyeusi, hatua ndefu, katikati ya zulia. Mimi nilifumba macho. Shangazi hakuliangalia hata mara moja. Alikuwa anamwangalia yeye.

Maji yakakatika. Nikasikia nguo za Shangazi zinachuruzika sakafuni. Fundi hakutoka chini ya sinki. Akaanza kuongea kutoka kulekule, kama anavyoongea na mabomba.

"Mama Mapazia."

"Abee."

"Nati hii imefunguliwa kwa spana."

"Ndiyo."

"Na ya mwezi uliopita?"

"Mimi."

"Na bomba la bafuni?"

"Hilo lilikuwa bovu kweli."

Nilijitia pazia mdomoni nisicheke.

"Kwa nini?" akauliza.

Shangazi akatazama dari, akanitazama mimi, akakosa pa kukimbilia. "Ili uje."

Fundi akatoa kichwa haraka, akakigonga kwenye kabati, wala hakukishika. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nikipita hapo chini natazama dirisha lenu, namwomba Mungu kitu kiharibike."

Shangazi akakaa chini, hapohapo kwenye maji. "Basi kesho usiende."

"Siendi."

Akakaa naye. Wakaanza kucheka, watu wazima wawili kwenye dimbwi, wanacheka mpaka machozi, nami nikacheka na pazia mkononi. Mlango ukagongwa kwa ngumi. Jirani wa ghorofa ya chini, ndoo mkononi, kilemba kimelowa, dari yake inanyesha, amekuja kugombana.

"Kuna nini humu?"

"Harusi," nikamwambia.

Akawatazama wale wawili. Akaweka ndoo chini, akapiga kigelegele.