Wakusikie Ukija

Iko siku moja, mwanangu Muhindo, ambayo kila mtu wa nyumba yetu anaikumbuka kwa namna yake. Mimi naikumbuka vibaya kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Ningependa kukusimulia jambo jingine. Lakini jana ulikaa kwenye kiti cha baba yako, kiwiko kimefungwa bandeji, ukanieleza kwa muda mrefu kwa nini ile pikipiki ilianguka Beni na rafiki yako Kasereka akavunjika mkono. Nilipokuwa nakusikiliza nikasikia sauti yangu mwenyewe. Hilo ndilo lililonikasirisha.

Mimi si mzee. Sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini baba yako ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa, yuko Kampala anatafuta bidhaa, na kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hata kama mlikuwa mkigombania embe juzi tu. Basi kazi ya kukushauri imeniangukia mimi, ambaye nimechukia nasaha tangu utotoni. Mzee akianza tu kusafisha koo, mimi nilikuwa natafuta mlango uko wapi. Kwa hiyo sitakupa methali. Ungeikariri vizuri, kisha ungepanda pikipiki vilevile. Nitakupa habari, na mwisho nitakuambia waziwazi la kufanya, maana nakujua, usipoambiwa waziwazi utasema hukuelewa.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, Kisangani. Vita ilikuwa imefunga njia na masomo yalikuwa yamesimama, nikafika Butembo na sanduku la vitabu na mdomo. Nilihoji kila kitu. Mezani niliuliza kwa nini tunawaombea wasafiri, wakati hata wale wasioombewa wanafika. Niliwauliza mashemasi maswali mpaka wakaanza kupita nyuma ya nyumba. Babu yako alinisikiliza, akaendelea kula.

Alikuwa na gari ndogo ya mizigo, Toyota, ya kushusha viazi na vitunguu kutoka Masereka hadi Butembo, na mara nyingine kufika Beni. Wewe hukuwahi kupanda. Siku zile kuwa na gari nzuri ilikuwa balaa. Askari, na tulikuwa tumechoka kuuliza wa upande gani, wakiona gari yenye uhai walipanda na kuondoka nayo. Basi babu yako akaifanya gari yake ionekane maiti. Aling'oa mlango wa abiria, taa za mbele na kioo cha pembeni, na honi akaificha ndani ya gunia la maharagwe. Tope likiikaukia hakuliosha. Wapita njia walidhani ni mabati tu yaliyoamua kutembea.

Lakini alikuwa na sheria moja aliyoikazia kuliko zote, kwamba kwenye mteremko injini haizimwi. Madereva wengine wote walizima. Esansi, yaani petroli, ilitoka Uganda kwa vidumu, na siku nyingine haikufika kabisa, kwa hiyo mtu akifika juu ya mlima alizungusha ufunguo na kuiachia gari iteremke yenyewe, roue libre. Babu yako alikataa katakata. Nilimuuliza sababu.

"Batu banasikiaka motere," alisema. Watu husikia injini.

Basi. Mtu niliyekuwa nikimdai sababu za kila kitu alinipa moja, fupi na kamili, nami nikaona haitoshi. Nikamweleza habari za uzito na mwendo, kwa Kifaransa kizuri. Alisubiri nimalize.

"Ni vizuri," akasema. "Mais usizime."

Nilizima. Babu yako alikuwa na malaria, nikatumwa peke yangu Masereka kuleta viazi, na nilipofika juu ya ule mteremko wa mikaratusi nikazungusha ufunguo. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Kelele zote ziliisha, ukabaki upepo na kokoto chini ya matairi. Nilijiona nimepata mwendo wa bure, na nimemshinda baba yangu kwa hoja.

Chini ya kona ya pili alikuwa anatembea Mama Kavugho. Nilikuwa simjui. Ni mama mmoja wa vilima vile, mjane, anayelima maharagwe. Alitembea katikati ya barabara, pale penye udongo mgumu, na mgongoni alikuwa na kitunga kilichojaa, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kama mama zetu wote wanavyobeba. Jambo hili umeliona tangu kuzaliwa, ndiyo maana hujawahi kuliangalia. Mama aliyebeba hivyo hawezi kugeuza shingo. Macho yake yako kwenye vidole vya miguu yake. Barabara iliyo nyuma yake anaiona kwa masikio. Na nyuma yake siku ile hapakuwa na kitu cha kusikia. Tulikuwa tumeinyima gari honi kwa sababu ya askari, na mimi nikainyima injini kwa sababu ya esansi na kiburi.

Nilipomwona nilikanyaga breki. Na kwa kuwa unapenda sayansi, chukua hii: gari ya namna ile, injini ikizimwa, breki inakusaidia mara chache tu za mwanzo, na mimi nilikuwa nimezimaliza kwenye kona. Baada ya hapo ni kama kukanyaga jiwe. Nikakata usukani. Ubavu wa gari ukamkumba, kisha tukaingia mtaroni, viazi vikamwagika mpaka bondeni.

Hakufa. Nakuambia sasa ili usiendelee kusikiliza kwa ajili ya hilo tu. Paja lilivunjika. Wanaume waliokuwa mashambani walimbeba kwa machela hadi kituo cha afya, nami nikafuata nyuma nimebeba kitunga chake. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenitazama.

Alipotolewa kituoni, familia mbili zikakaa uani kwa kaka yake, kama ilivyo desturi. Mzee mmoja akaomba. Kisha kila mtu akaeleza ajali. Kaka yake alisema ule mteremko una shetani wake. Shemasi wetu akasema ni jaribu. Mjomba wangu akasema kuna watu wanaoonea wivu viazi vyetu. Nilikaa pale nikachemka. Watu wazima, na hakuna hata mmoja anayetaka kujua sababu. Nikasimama nikawapa. Nilieleza esansi, nikaeleza askari na honi, nikaeleza barabara ambayo Serikali haijaigusa tangu mimi sijazaliwa, nikamalizia na breki. Nilieleza vizuri, Muhindo. Ungenipigia makofi.

Mama Kavugho alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Umesema askari. Umesema esansi, umesema barabara, na ile frein. Mimi nilikuwa wapi mu hiyo habari?"

Hakuningoja nijibu.

"Na weye? Weye ulikuwa wapi? Gari ilishuka yenyewe?"

Mtu mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Babu yako aliangalia viatu vyake. Nikahisi machozi, na nikasema kitu nilichodhani ni kikubwa sana, kwamba sitagusa usukani tena maisha yangu yote.

Mama Kavugho akafyonya.

"Muangalie huyu. Amenivunja muguu, sasa anataka nimubembeleze. Basi nani atapeleka maharagi yangu ku soko?"

Hukumu yote ilikuwa hiyo. Babu yako aliitikia kwa kichwa kabla sijakaa. Tukaitoa gari mtaroni, ikatengenezwa, na kila siku ya soko nikawa napanda hadi kwake, nampakia yeye na kunde na maharagwe yake, na kushuka naye Butembo. Injini ikinguruma, gia ya pili, juu hadi chini. Alikaa upande usio na mlango, amejifunga kwenye kiti kwa kitenge. Honi babu yako alikataa kuirudisha, kwa hofu ya askari, basi mama akavumbua yake.

"Piga mulango."

"Mama, hakuna mutu."

"Nyuma ya ile kona unaonaka? Piga."

Nikatoa mkono dirishani nikapiga bati la mlango wangu, pa, pa, pa, kama mwendawazimu.

"Sasa polepole."

"Mama, tuko polepole. Mbuzi ametupita."

"Mbuzi iko na akili."

Usidhani alikuwa na hekima kila wakati. Mara nyingi alikosea. Aliona kifo katika kila kuku, na siku moja alinisimamisha kwa ajili ya gogo. Alinichosha mpaka nikaota sauti yake. Lakini njia ile ile niliyokuwa nikiiona kama mteremko, ikaanza kuwa na watu. Nikajua ni wapi akina mama hupumzisha mizigo, wapi wanafunzi huvuka, wapi mzee fulani hupitisha ng'ombe wake na hasikii vizuri. Walikuwapo tangu zamani. Mimi ndiye nisiyekuwapo.

Halafu ikaja siku ya askari. Tulikuwa juu ya mteremko ule ule, tumejaza maharagwe, na toka juu nikawaona chini kabisa, wamekaa kando ya barabara na silaha zao. Hawakuwa wametuona bado. Kabla ya kuwafikia kuna njia inayoingia kati ya mikaratusi, ya wapasua mbao. Nikizima injini, tungeteleza kimya hadi pale na kujificha, na gari ingepona. Lakini kati yetu na njia ile kulikuwa na akina mama wanateremka, kamba kwenye paji la uso, wamejaa barabara nzima.

Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Nikamtazama Mama Kavugho. Yule ambaye hakuwahi kufunga mdomo kuanzia kwake hadi sokoni, siku ile alinyamaza. Alinitazama tu mkono.

Niliiacha injini ingurume. Nikatoa mkono mwingine nikapiga mlango. Akina mama wakasogea kando mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka, kila mmoja akisema "wasingya," asante, kwa gari asiyoiona. Na chini kule askari wakasimama.

"Bokita," mmoja akatuambia kwa Lingala. Shukeni. Mwingine, kijana mwenye adabu zake, akaongeza kwamba wataturudishia kesho. Mama Kavugho akajifungua kitenge, akawaambia mlango mmoja haupo na breki si nzuri, wasikimbie. Walicheka. Wakaondoka na gari na maharagwe, hatukuviona tena.

Tulirudi kwa miguu, ameegemea bega langu, anachechemea na kulalamika kwamba natembea mbio.

Nyumbani, babu yako aliniona naingia bila gari. Aliuliza jambo moja.

"Nani ameumia?"

"Hakuna, baba."

"Basi kula."

Mjomba wangu hajanisamehe mpaka leo. Anasema gari ilitunza watu wengi kuliko wale akina mama wachache, na kwamba pengine ningewapita bila kumgusa yeyote. Pengine. Nimelihoji jambo hili kama ninavyohoji mengine yote, na sina uhakika. Gari ile niliililia. Lakini kuna jambo moja silihoji tena: waliokuwa mbele yangu walijua kwamba nakuja.

Sasa tuje kwako, na nivumilie kwa sababu uvumilivu wangu umekwisha. Uliniambia mlikimbia kwa sababu ya vita, kwamba huko njia ya Mbau mtu haendi polepole, watu wenye silaha wanatoka porini. Ni kweli. Mimi mwenyewe nikipita kule sisimami. Ila hamkuanguka Mbau, Muhindo. Mlianguka mtaa wa Ruwenzori, mjini, mchana, mbele ya kanisa, na kwaya ikiwa inatoka. Pale hakutoka mtu porini. Walitoka wanakwaya. Halafu ukanitajia mchanga, ukanitajia pikipiki za Kichina, ukanitajia Kasereka aliyejitikisa nyuma. Nilihesabu watu wote wa habari yako na wewe humo sikukuona.

Ushauri wangu ni huu. Vita itatuchukulia mengi, na itatupa visingizio vya yote yaliyobaki. Usivipokee. Kesho panda gari ya watu uende Beni, kwa mama yake Kasereka. Usimngoje baba yako arudi, wala usiende na mimi. Keti chini, umsimulie ajali upya, na safari hii uanze na neno "mimi". Akikutukana, maliza kusikiliza. Kisha umuulize ni kazi gani Kasereka alikuwa akimfanyia kwa mkono ule, uifanye wewe mpaka mkono upone. Ukirudi, ufunguo wa pikipiki uko kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Utauchukua mwenyewe, sitakuuliza kitu. Usiponiambia uongo nitajua, na ukiniambia uongo nitajua vilevile, maana nami nilikuwa fundi wa kazi hiyo.

Na uendeshe, mwanangu, usije kwangu na kiapo cha kuacha. Endesha kama mtu anayebeba watu, hata ukiwa peke yako. Nyamuhanga, Muumba wetu, akupe macho ya walio mbele yako na masikio ya walio nyuma. Kila unakopita mama mwenye mzigo akusikie mapema, asogee bila hofu, aseme asante, na aendelee na safari yake.