Barua ya hasira niliyompelekea mchumba wangu aliye Kichiwa

Wakuu wasomaji wa ukurasa huu wa barua, kamwene.

Nimesoma Njombe hadi darasa la nne tu, na mkono wangu wa kuandika ni mzito. Haya yalinipata mwenyewe. Sikuongeza kitu, maana nikianza kuongeza sitamaliza mwaka huu.

Nafanya kazi ya barabara hapa Makambako. Mchumba wangu, Ester, yuko kwao Kichiwa. Yeye hakwenda shule.

Mimi ni mtu wa haya. Nikiwa mbele yake maneno hunikimbia. Kwa hiyo mapenzi yangu niliyaweka kwenye barua, na barua zangu zilikuwa ndefu. Nilijisifu kwa hilo.

Msimu wa kulima, mama mmoja aliyeleta ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kambini alinieleza, bila kuulizwa, kwamba Ester anaonekana akilima shamba la kijana jirani yao, Yohane. Tena peke yake, hakuna pombe wala watu walioalikwa. Kwetu mtu hulimiwa kwa ulanzi au kwa undugu. Akilimiwa kwa kingine, watu hutazamana.

Wakuu, nilikasirika. Nikaketi kumwandikia.

Sasa, ubaya wa mkono mzito ni huu. Siku ya kwanza niliandika kwamba Yohane ni mbwa. Siku ya pili, kwamba uchumba umekufa. Siku ya tatu hasira ilikuwa imepungua, nikauliza kama mvua imenyesha vizuri huko. Siku ya nne nilimwomba tufunge ndoa Pasaka.

Kuanza upya sikuweza, karatasi zilikuwa zimekwisha. Kurasa zote nne nikampa utingo wa lori azipeleke.

Wiki mbili kimya. Nilikonda. Jumamosi nikatembea mpaka Kichiwa.

Nilimkuta Ester akilima, katika shamba lile lile. Yohane alikuwa ukingoni anatia jembe mpini. Akainuka, akanipa mkono.

"Karibu, bwana," akasema. "Mimi ndiye yule mbwa wa ukurasa wa kwanza."

Ndipo nikaelewa. Pale jirani anayejua kusoma ni yeye peke yake. Kila barua yangu alimsomea Ester, naye Ester, asiyependa kutendewa bure, alimlimia. Ukurasa mmoja, ngwe moja. Mimi na urefu wangu wa barua ndio tuliompeleka shambani kwa watu.

Ester aliendelea kulima.

"Ya mvua nimeilima," alisema. "Ya Pasaka ndiyo hii namalizia. Zile mbili za matusi silimi mimi."

Akanikabidhi jembe.

Nililima mpaka jioni. Yohane alinisifu kwa upole kila nilipopumzika, jambo lililoniuma kuliko kutukanwa. Nilipomaliza, Ester aliniletea maji akaniambia niseme sasa, kwa mdomo, kilichokuwa kinanisumbua.

Nikasema, "Nilikuwa na wivu."

Basi. Hata mstari mmoja haukujaa.

"Hilo ningelisikia bila msomaji," akajibu. "Njoo Jumamosi ijayo tuzungumze habari ya Pasaka. Usiandike."

Nilichojifunza ni kwamba hasira ya mchumba mpelekee mwenyewe, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Nusu yake huishia njiani.

Ninyi mliooa, wivu wenu mnaupeleka wapi? Niandikieni hapa. Nitasoma mwenyewe.