Upande wa Kushoto wa Baiskeli

Harerimana alikuwa amesukuma baiskeli kwa miaka kumi na sita na hakuwahi kuikalia hata siku moja. Usicheke kwanza. Baiskeli ya ndizi haipandwi. Inafungwa mikungu sita au saba, mingine inaning'inia ubavuni, mingine inalala juu ya keria, na kwenye usukani inafungwa fimbo ili mkono ufike. Kisha mtu anasimama upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye mzigo, anatembea kutoka Kanoni hadi sokoni Omurushaka akihesabu vilima. Wakati wa kurudi, baiskeli ikiwa tupu, wenzake walikuwa wakipanda na kuteremka huku wakipiga kengele. Harerimana alisema kiuno kinamuuma, akatembea. Miaka kumi na sita kiuno kilimuuma wakati wa kurudi tu, na hakuna aliyeuliza.

Wala baiskeli haikuwa yake. Ilikuwa ya Kashaija, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa kule Kanoni, ambaye Harerimana alimfanyia kibarua. Kashaija hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa, alimwonyesha Harerimana kwa kidole.

"Huyu bwana, ukimwondolea baiskeli yangu, anabaki na miguu na suruali!"

Watu wakacheka, na wazee wa kanisa nao. Harerimana, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa siku, alisikia mdomo wake ukijibu wenyewe: "Jumapili ya mavuno nitakuja hapa na baiskeli yangu, niliyoiunda kwa mikono yangu. Nitafika nimekaa."

Njiani alijilaumu. Angesema "nitakuja nayo" yangeisha. Nani alimtuma kusema "nimekaa"? Lakini ahadi ni deni, na hii ilikuwa imebakiza wiki tano.

Fremu aliipata kwa Elipidius, fundi wa baiskeli pale Omurushaka, baada ya kumlimia maharage siku nne. Ilikuwa na kutu, lakini haikuwa na ufa. Rimu mbili zilitoka sehemu mbili na hazikupendana. Elipidius alijitolea kumuungia kila kitu bure, kwa siku moja tu. Harerimana akakataa. Aliyesema ataunda ni yeye.

Hapo mateso yakaanza. Siku ya kwanza gololi za ekseli zilimponyoka zikatawanyika kwenye majani makavu ya migomba, na alipokuwa amepiga magoti akizitafuta, kuku akadonoa mbili na kuzimeza mbele ya macho yake. Alimfukuza kuku hadi kwa jirani. Siku ya pili spoki zilikuwa fupi. Siku ya tatu akapata ndefu, zikawa ndefu mno, zikatoboa mpira wa ndani. Mnyororo ukakatika. Akauunga, ukawa unavuka meno. Gurudumu la mbele lilikazwa huku likapinda kule, likakazwa kule likapinda huku, mpaka akalipiga teke na kuumiza kidole gumba cha mguu, akatoa kwa Kinyarwanda, lugha ya kwao, maneno ambayo Mkristo huyatubia. Na kila aliyepita njiani alikuwa fundi. Mmoja alisema legeza. Mwingine alisema kaza. Wa tatu alisema aiuze kama chuma chakavu.

Ijumaa kabla ya mavuno, baiskeli ikasimama. Harerimana aliijaribu kwa njia pekee aliyoijua. Akafunga mkungu mmoja kwenye keria, akasimama kushoto, akaisukuma kuzunguka nyumba. Ikawa inamkimbilia miguuni. Akalegeza nati ya usukani, akaugeuza kidogo, akakaza, akasukuma tena. Akalegeza tena, akakaza tena, hadi mkono wake ukatulia na baiskeli ikaenda imenyooka kama uzi. Alifurahi mno. Usiku huo alikula bila kuongea na akaongeza sahani.

Jumamosi akaisukuma hadi Omurushaka kwenda kujaza upepo, lakini upepo ulikuwa kisingizio tu. Alitaka ionekane. Kashaija alikuwepo, amekaa kwa mama ntilie na kikombe cha chai. Elipidius akaizunguka baiskeli, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Hongera, mzee. Ngoja niionje."

Akapanda. Akaenda hatua kumi, kisha baiskeli ikakata kulia na kumpeleka moja kwa moja kwenye pipa la maji la mama ntilie. Elipidius akainuka amelowa, akarudi, akapanda tena. Ikakata kulia tena.

"Ilikuwa imenyooka!" Harerimana alifoka. "Umeiharibu wewe!"

Elipidius alilibana gurudumu la mbele kwa magoti, akautazama usukani. Usukani ulitazama huku, gurudumu lilitazama kule. Akasimama kushoto, akaisukuma kama watu wa ndizi wanavyosukuma. Ikaenda vizuri kabisa. Akageuka taratibu.

"Baiskeli hii imepangwa na mkono wa mtu anayetembea kushoto kwake. Mzee, wewe hujawahi kukalia baiskeli?"

Pale kwa mama ntilie kijiko kilisikika kikigonga kikombe. Kisha Kashaija akashika kichwa.

"Waitu, jamani! Kumbe ndicho kile kiuno!"

Kicheko kilimsindikiza Harerimana mpaka mwisho wa maduka. Elipidius alikuwa ameunyoosha usukani, hivyo njia nzima baiskeli ilimkanyaga vidole na kumgonga muundi. Sasa ilikuwa imenyooka kwa watu wote isipokuwa aliyeiunda. Hasira ilimkaba hadi akatamani kuitupa bondeni.

Mkewe, Anonciata, alikuwa akimenya ndizi uani. "Baba Niyigena, mbona unachechemea?"

Akamweleza yote, kwa ukali, kana kwamba kosa ni la ndizi. Anonciata akaendelea kumenya.

"Najua hujui kupanda," alisema. "Kiuno kinachouma hakichimbi mashimo ya migomba siku nzima."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Ulikuwa unaficha, nikakusaidia kuficha." Akafuta utomvu mikononi, akainuka. Baba yake alikuwa katekista kule Songambele, na yeye Anonciata alikulia juu ya baiskeli ya babaye. "Haya, panda. Mficha uchi hazai."

Harerimana alianguka mara saba kabla ya jua kuzama. Asubuhi ya Jumapili akaanguka mara mbili zaidi, akachana goti la suruali ya ibada. Aliweza kukaa, lakini akishikwa tu.

"Nitatembea," alisema. "Wacheke."

"Uliahidi nini?"

"Kufika nimekaa."

"Basi kaa."

Anonciata akafunga mkungu wa sadaka kwenye keria, akasimama kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, akaanza kusukuma. Harerimana alikaa juu amekakamaa, uso umewaka kwa aibu, akitazama mbele tu wakati majirani wakisema shikamoo na kuuma midomo. Ndoto yake yote ilikuwa hii, na alikuwa akibebwa kama ndizi.

Kilima cha mwisho kabla ya kanisa ni kikali. Hapo ndipo aliposikia pumzi. Ilitoka kushoto kwake, nzito, fupi fupi, yenye mluzi mdogo mwishoni. Aliifahamu vizuri. Miaka kumi na sita ilikuwa ikitoka kifuani mwake mwenyewe.

Akavuta breki, akashuka.

"Unafanya nini?" Anonciata alihema. "Hatua hamsini tu! Hamsini, mwanamume wewe! Panda!"

"Siwezi."

"Nimekusukuma kutoka nyumbani, halafu unashuka mlangoni?"

Harerimana alikwenda upande wa kulia, upande ambao hakuwahi kusukumia, akashika keria. Wakapanda kilima hivyo, mmoja huku, mwingine kule, baiskeli ikiwa wima katikati yao.

Kashaija alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa pamoja na wazee. Alitazama baiskeli, akatazama goti la suruali, akatabasamu.

"Uliahidi utafika umekaa."

Harerimana alishusha mkungu, akauweka begani.

"Kiuno kinaniuma," alisema, akaingia ndani.

Wa kwanza kucheka alikuwa Anonciata, na bado alikuwa na hasira.