Danzi la Nyuma ya Nyumba Yetu

Nikipasua ganda la danzi kwa ukucha, na ile harufu yake kali ikapanda puani na kukaa, narudi uani kwetu Tabora. Nimelala katika stesheni nyingi na nimefanya kazi ambazo hata mimi nimezisahau, lakini harufu hiyo haijawahi kunikosa. Nawaambia ninyi jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi, maana linamhusu mbuzi.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Baba alifanya kazi stesheni, na kitu alichokipenda kuliko vyote, labda hata kuliko sisi, kilikuwa koti lake la kazi lenye vifungo sita vya shaba. Siku moja alirudi kutoka safari ya Morogoro amekumbatia debe lenye mche. Alisema ni mchungwa wa kisasa, mtamu, amepewa na bwana shamba mmoja aliyemwapia kwamba machungwa yake yanalambisha vidole. Mtaani kwetu kulikuwa na miembe na mipera. Mchungwa mtamu hakuwa nao mtu. Majirani wakaja kuutazama kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga.

Miongoni mwao alikuwa Bi Mwamvua, jirani yetu wa upande wa pili wa ua wa minyaa. Alikuwa Mmanyema, babu yake aliletwa na misafara ya pembe za ndovu enzi zile, akabaki Tabora wenzake walipoendelea kwenda pwani. Bi Mwamvua aliuza samaki wakavu wa Kigoma, na kila asubuhi yeye na Mama walisalimiana juu ya ua kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. "Mwangaluka!" Mama angeita, na upande wa pili ungejibu, "Mwangaluka, Mama Kalunde!" Kalunde ni mimi.

Siku ile ya mche, Bi Mwamvua alikuja amefunga kanga kuzunguka taya kwa sababu ya jino. Aliinama, akaugusa mche, akasema kwa shida, "Mti mzuri huu." Kisha akashika shavu na kuondoka.

Mama alimfuata kwa macho. "Hakusema mashallah," alinong'ona.

"Jino linamuuma," Baba alisema.

"Hata jino likiuma. Mtu wa mji kama yule, husahauje neno dogo namna hiyo?"

Sisi tulikuwa watu wa misheni, na Jumapili Mama aliimba kwa sauti kuliko wote kwamba haogopi kitu. Lakini kusifu kitu cha mtu bila kukitilia baraka, jicho likakidhuru, hilo liliogopwa na kila mtu Tabora, mwenye kanzu na mwenye kitabu cha nyimbo.

Miezi michache baadaye, nikiwa na miaka kama sita, nilipewa kazi ya kumfunga mbuzi wetu mweusi kwenye mpera. Nilikuwa na ugonjwa ambao sijapona mpaka leo: nikiona kitu kinakwenda, lazima nijue kinakwenda wapi. Siku hiyo siafu walikuwa wanavuka njia. Nilifunga fundo la haraka nikawafuata mpaka shimoni kwao. Niliporudi, mbuzi alikuwa anatafuna kwa utulivu, na mchungwa wa Baba umebaki kisiki kisichofika hata kwenye goti langu.

Nilimrudisha mbuzi mahali pake. Nikazoa majani yaliyotafunwa, nikayatupa kwenye minyaa, nikaingia ndani kulala mchana, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtaki kama mtu angekuwa makini. Baba alisema ni mchwa. Akamwaga jivu kuzunguka kisiki, akaomba, akamwagilia. Mvua ziliponyesha, machipukizi mawili yakatoka chini kabisa, karibu na udongo. Baba aliruka kama mtoto. Mimi niliruka zaidi.

Mti ulikua ukawa na miba na kivuli. Baada ya miaka mitano hivi ukazaa, na matunda yalipoiva rangi Baba akawaita wenzake wawili wa stesheni waje waonje. Walikaa kwenye mkeka. Mama aliyakata vipande kwenye sinia. Wakauma kwa pamoja.

Sijaona tena nyuso kama zile. Mmoja alifumba macho mpaka machozi yakamtoka. Mwingine alitema kwenye kiganja kwa adabu, akauliza, "Bwana, hili ni chungwa au dawa ya minyoo?"

Baba naye akauma. Akafuta mdomo kwa mkono. Kisha akasema, "Miaka yote hii naubebea ndoo, unanilipa siki! Jumamosi naukata."

Wageni walipoondoka Mama alisema neno moja tu, "Jicho," akatazama ua wa minyaa.

Kuanzia kesho yake asubuhi haikuwa na mwangaluka. Bi Mwamvua aliita, mara moja, mara mbili, na Mama akainamia sufuria. Mama aliacha kununua samaki kwake. Wanawake wengine waliposikia kwa nini, nao wakaacha, na mimi nikakatazwa kuvuka ua. Mchungwa mtamu uliogeuka mchungu, mtaani kwetu hilo halikuwa na maelezo mengine.

Lakini mimi nilitaka kujua tunda lile ni kitu gani. Ijumaa, Mama akiwa kisimani, nikachukua manne kwenye kanga yangu, nikavuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi umetoroka. Kaa, mtoro."

Alilinusa moja, akalikwangua, akacheka peke yake. "Hili danzi, mwanangu. Halijageuka chochote. Danzi ni hivi hivi." Akanionyesha jani lililobaki kwenye tunda: kwenye kikonyo chake kulikuwa na jani jingine dogo, kama bawa. "Babu yangu alisema watu wa misafara walikuwa wanayapanda mahali walipokaa. Mtu hapandi danzi ili alile. Analipanda ili alitumie."

Kisha akanionyesha. Alikamulia samaki mkavu aliyelowekwa, na ule uvundo uliokuwa unanifukuza nyumbani kwake ukatulia. Alikata vipande vyenye maganda, akavishindilia na chumvi na pilipili ndani ya chupa, akaiweka juani, akasema baada ya siku kumi nitalamba mkono. Dawa ya makohozi ya kifua, alisema, ni maji yake pamoja na asali ya miombo, vuguvugu. Mbegu aliziweka pembeni, hakunieleza za nini, na nilikereka siku nzima. Maganda ya lile alilokamua aliyatupa kwenye kaa la moto, moshi ukapanda mtamu, mbu wakaondoka, au walau mimi niliamini wameondoka. Mwisho alichovya nusu ya danzi kwenye jivu, akasugua sinia lake la shaba lililokuwa jeusi kama sufuria. Niliona uso wangu humo, na ulikuwa umeachama.

Katikati ya yote hayo, akisugua, aliniuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mti wenu ulipokuwa mche, mbuzi wenu mlikuwa mnamfunga wapi?"

"Pale pale kwenye mpera," nikasema, nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Haya," akasema, akaendelea kusugua. Hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa ananoa shoka. Nilichukua koti lake msumarini, danzi na jivu, nikakaa nyuma ya jiko. Nilisugua vifungo vyote sita, nikavisuuza, nikavikausha kwa kanga. Nilipompelekea, alisimama na koti mkononi muda mrefu akiligeuza geuza juani.

"Nani kakufundisha hivi?"

Niliona nikidanganya nitaonekana. "Bi Mwamvua."

Mama alisimama mlangoni. Baba alimtazama Mama, akatazama vifungo, akatazama mti. Kisha akaegemeza shoka ukutani. "Mti ubaki," alisema. "Mchungu, lakini ubaki." Jioni akajaza kapu la madanzi, akanituma nilipitishe juu ya ua. Tangu siku hiyo wenzake wa stesheni walikuwa wakija kuomba danzi la vifungo, na Baba aliwagawia kwa majivuno kana kwamba alilipanda kwa nia hiyo.

Ningependa kuwaambia kwamba mwangaluka ilirudi. Haikurudi. Mti ulipata msamaha, Bi Mwamvua hakupata. Mama alikula achari yake niliyoileta kwa siri, akaisifu, alipojua imetoka wapi akasukuma sahani. Samaki hawakununuliwa. Mwaka uliofuata Bi Mwamvua alifunga mizigo yake, akapanda treni kwenda kwa kaka yake Ujiji.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Nilikwenda na treni, na malori, na watu. Mwaka mmoja nikajikuta Muheza, nachuma machungwa katika shamba la watu. Huko alikuwapo mzee mmoja aliyekaa chini na kisu kidogo, anachanja miche, anapachika jicho la mti mmoja kwenye shina la mwingine na kulifunga kwa uzi. Mnanijua, niliacha kuchuma.

"Mzee, juu ni nini?"

"Chungwa tamu."

"Na chini?"

"Danzi. Linavumilia ardhi. Lakini uangalie, shina likikatika hapa chini ya fundo, chungwa limekwisha. Linaota danzi peke yake."

Nilikaa chini kwenye majani. Niliona tena kisiki, na machipukizi yaliyotoka karibu na udongo, na mbuzi mweusi anayetafuna kwa utulivu. Kisha nikamsikia Bi Mwamvua akiniuliza kuhusu mbuzi, na nikaelewa kwamba halikuwa swali la mtu asiyejua. Ua wetu wa minyaa ulikuwa na mapengo.

Nilirudi Tabora. Nilimweleza Mama yote, mbuzi, fundo, kisu cha mzee wa Muheza. Alisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya unga. Mwishoni alisema, "Nenda wewe. Una miguu. Mwambie namsalimu."

Nikachuma madanzi kumi, nikapanda treni ya Kigoma.

Nilimkuta Ujiji kwenye kibaraza, mzee sana, macho yameingia ukungu. Sikujitaja. Nilimwekea danzi moja kiganjani. Alilikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Mtoro," alisema.

"Shikamoo, bibi. Mama anasema mwangaluka."

Ilikuwa alasiri, lakini alinyoosha shingo kama anayeita juu ya ua. "Mwangaluka, Mama Kalunde!"

"Bibi, alikuwa mbuzi. Nilimfunga vibaya."

"Nilimwona. Nilikuwa naanika samaki."

"Mbona hukusema?"

"Mkanda wa baba yako niliujua. Siku zile sauti yake ilivuka ua." Aligeuza danzi mkononi. "Nikafikiri maneno ya watu juu yangu yatachoka mapema kuliko ngozi yako kupona. Hayakuchoka."

Nimewahi kupewa vitu vingi na watu nisiowajua, chakula, mkeka, kiti cha treni, na nilivipokea kama haki yangu. Kile kikubwa kuliko vyote nilikuwa nimekila utotoni bila kujua kwamba nakula.

"Na mti," akauliza, "bado upo?"

"Upo. Umezidi nyumba."

"Mti mzuri ule," Bi Mwamvua alisema. Kisha akainua kidole, akafungua kinywa anionyeshe ufizi mtupu, akacheka. "Mashallah! Leo sina jino la kuniuma."