Matumizi Yote ya Kamba

Sijui kukaa. Mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijatulia. Nina duka la vifaa vya ujenzi Nkende, mjini Tarime, na wateja wamezoea kunikuta nimesimama, napanga misumari iliyokwisha kupangwa, nahamisha makopo ya rangi kutoka rafu hii kwenda ile. Stuli ipo, ila anayeikalia ni paka wa jirani. Mtu wa namna hii ndiye aliyeambiwa akae kwenye kona asubuhi nzima, bibi yake anapimwa akili, na asifungue mdomo.

Ilikuwa Machochwe, nyumbani kwetu, sebuleni kwa Bibi. Aliyekuja kupima alikuwa binti mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, mwenyeji wa Tarime, Kikurya chake kizuri ingawa kimekaa mjini muda mrefu. Yeye na timu yake walikuwa wanazunguka vijiji vya pembezoni mwa hifadhi wakiongea na wazee. Alitueleza kwamba wenzake wengi huchunguza kinachopotea mtu anapoanza kusahau, yeye anatafuta pia kinachobaki: kama kumbukumbu ikipungua, je, ubunifu nao unapungua, au unashika njia yake. Alisema wazi kwamba hatatoa majibu ya ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari. Nilitikisa kichwa kumkubalia, lakini moyoni nilikuwa nimekuja kuchukua majibu hayo hayo.

Lazima nieleze Bibi ni nani kwetu. Hakumzaa mama yangu, wala hakumzaa baba yangu. Yeye ndiye aliyemwoa mama. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba isife. Tunaiita nyumba ntobhu. Wanawake wengine hutuma wanaume wa ukoo kupeleka mahari. Bibi aliwafunga ng'ombe wake kamba, akaenda nao mwenyewe mpaka kwa wazazi wa mama, na habari hiyo alitusimulia utotoni mpaka tukaijua kuliko sala. Watoto wote tuliozaliwa tunatumia jina la mumewe, mtu aliyekufa kabla hata hatujafikiriwa. Sisi tunamwita Bibi. Mama naye anamwita Mama.

Kusahau kulianza kidogo kidogo, kama kwa wazee wote. Chumvi mara mbili kwenye mboga, jina la huyu kwa yule. Majirani walisema ni uzee, mmoja akasema amechezewa. Kisha akaanza kuamka alfajiri na kuondoka. Ukimuuliza unakwenda wapi anajibu anakwenda nyumbani, na nyumbani kwenyewe kila mara kuko upande wa hifadhi. Walinzi wa mashamba, wale wanaokesha na tochi na madebe kufukuza tembo, walimrudisha wakiwa wamemshika mikono huku na huku. Mara ya mwisho walimkuta amesimama karibu na mavi ya tembo ambayo yalikuwa bado yanatoa mvuke. Niliposimuliwa hilo kwenye simu nilifunga duka mchana kweupe na sikumbuki kama niliweka kufuli.

Nilitaka aje Nkende. Kwangu kuna ukuta, kuna geti, hospitali iko karibu. Mama hakutaka kusikia. "Mama hatoki kwenye nyumba yake," alisema. "Nyumba hii ni yeye. Mimi niliolewa kwenye nyumba, sikuolewa na geti." Tulibishana miezi. Yeye anasema subira yavuta heri, mimi namjibu ngoja ngoja yaumiza matumbo, tunakata simu wote tumenuna. Tuliposikia kuna watafiti wanakuja, tukapata pa kukutania. Bibi akionekana akili bado inafanya kazi, anabaki. Ikionekana imekwisha, namchukua. Mama alikubali akitazama pembeni.

Basi nikakaa kwenye kona. Binti alimwamkia Bibi, akakaa chini kuliko yeye, akawasha kishikwambi chake. Alimpa maneno matatu ayashike: jembe, mvua, sukari. Waliongea habari za mavuno, kisha akamwomba ayarudie.

"Maneno gani?" Bibi akasema. "Mimi sijapewa kitu. Leo mlango huu hajaingia mtu na kitu mkononi."

Binti akacheka, maana ni kweli alikuja mikono mitupu. Mimi sikucheka. Alipoulizwa huu ni msimu gani, Bibi alisema ni msimu wa wageni. Alisimuliwa hadithi fupi ya mwanamke aliyepoteza mbuzi sokoni, airudie, naye akasimulia nyingine kabisa, tamu kuliko ya kwanza, na ndani yake hakuna mbuzi. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Nilikuwa nahesabu makosa kama mwalimu mkali, na kila kosa lilikuwa linamsogeza Bibi kwenye geti langu, na sikufurahi hata kidogo.

Ndipo binti akatoa kamba kwenye mkoba. Kamba ya katani, ya kawaida, kama ninazouza mimi. Akaiweka mapajani kwa Bibi akamwomba ataje kila kitu ambacho mtu anaweza kuifanyia, cha kawaida na kisicho cha kawaida, mpaka vimwishie.

Bibi aliinusa. Akaivuta kwa mikono miwili. "Imesokotwa ovyo," alisema kwanza. Halafu akaanza, na sauti yake ikarudi ile ya zamani, ya mtu anayegawa kazi asubuhi.

Unaanikia nguo. Unafunga mzigo wa kuni. Unatekea maji. Mwanaume aliyekonda anaifanya mkanda, suruali isimwaibishe. Unampimia marehemu urefu kabla hujaenda kuchimba. Unaitupa njiani jioni, mtoto mzururaji adhani ni nyoka, arudi nyumbani. Unaichoma taratibu, moshi unafukuza mbu. Unaifumua, unajaza mto wa kulalia. Unamfunga mdomo mwanamke mwenye maneno mengi, na hapo akanitazama. Unaifunga madebe matupu kuzunguka shamba, tembo akiigusa anajitangaza mwenyewe.

Binti alikuwa anaandika haraka, macho yanamng'aa. Mimi nilikuwa nasubiri. Dukani kwangu mtu akiingia kutaka kamba, hata kabla hajasema mita ngapi, anasema ya ng'ombe. Kamba ni ya ng'ombe. Ya kumfunga miguu anapokamuliwa, ya kumpeleka mnadani, ya kumtoa mahari. Nje ndama alikuwa analia kabisa, kama vile anamkumbusha. Nilisimama, nikaenda dirishani, binti akanitazama, nikarudi kukaa.

"Kuna kingine?" binti akamuuliza.

Bibi alifikiri. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya kamba, mbele na nyuma. "Unaifunga kutoka mlango huu mpaka mlango ule," akasema. "Mtu ambaye njia zimemkimbia anaishika. Anaifuata tu. Anafika."

Binti aliacha kuandika. Akamwomba arudie, Bibi akarudia neno kwa neno. "Na kingine?"

"Hakuna. Vimeisha."

Tulipomsindikiza binti uani alikuwa na furaha ambayo ilinichoma. Alisema mambo ya kumbukumbu tuyapeleke hospitali, tusichelewe, na akatuelekeza pa kuanzia. "Lakini kwenye kamba," alisema, "sijakutana na mzee kama huyu. Wengi huku wanaanza na ng'ombe na hawatoki hapo. Yeye ng'ombe hata hajamgusa."

Alisema kama anatupongeza. Mama alishukuru, akamkimbiza kuku, akamkamata, akamfunga miguu, akampa binti zawadi. Nilizunguka nyumba mara sijui ngapi. Nilikuwa na hasira na yule binti kwa sababu alikuwa mwema, na nilikuwa na hofu, hofu ya kitoto, ya mtu aliyeona shimo mahali ambapo jana palikuwa na ukuta. Kama ng'ombe wamemtoka, basi safari ile ya kwenda kwa wazazi wa mama imemtoka. Na kama safari imemtoka, mama ni nani kwake? Na mimi je?

Mama nilimkuta jikoni anasonga ugali wa mtama. "Umesikia alichosema?" nilimuuliza. "Hakumtaja ng'ombe."

"Nimesikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, namsubiri amtaje."

"Sasa?"

Aligeuza ugali, akaupiga piga kwa mwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. "Kusahau kwake nimekujua siku nyingi," alisema. "Kuna asubuhi ananiuliza mimi ni binti wa nani. Sikukwambia, ungekuja na gari." Kisha akasema, "Dukani kwako bado kuna ile kamba nene?"

"Ipo."

"Niletee roli moja."

Nilimwambia mimi naongea habari za kumhamisha mgonjwa, yeye ananiagiza kamba. Nilisema mengine ambayo sitayarudia hapa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia chakula. "Amesema mwenyewe anachotaka," alisema. "Mlango mpaka mlango. Wewe ulikuwa unamsikiliza ng'ombe."

Wiki iliyofuata, baada ya kumpeleka Bibi hospitali na kurudi na dawa chache na maelezo mengi, nilibeba kamba ya manila ya bluu mpaka Machochwe. Tulichimbia nguzo, tukaivuta usawa wa kiuno, kutoka mlango wa Bibi mpaka chooni, kutoka chooni mpaka mlango wa Mama. Upande wa hifadhi, pale alipokuwa anapenya, tuliziba kwa miba na mbao. Bibi alikaa kwenye kigoda akitukosoa. Fundo hili limelegea, nguzo ile imelala. Tulikubaliana kujaribu mpaka mvua ziishe, halafu tuone. Sikuwa na imani yoyote, nasema ukweli. Nilibaki kulala huko ili nishuhudie inavyoshindikana.

Alfajiri tulisikia mlango wake. Mama alikuwa ameshawasha moto, mimi nimejifunga kanga, naangalia kupitia upenyo. Bibi alitoka, akasimama. Uso wake uligeukia kule, upande wa hifadhi, na mimi miguu yangu ikawa imeshaondoka. Mama alinishika kanga kwa nyuma.

"Kaa," alisema.

Nilikaa. Sijui ni kwa nini siku ile niliweza.

Mkono wa Bibi ulipapasa hewani, ukaikuta kamba. Akaitazama. Akaanza kuifuata taratibu, anaongea nayo kwa sauti ya chini ambayo hatukuisikia, akafika chooni, akaingia, akatoka, akaitafuta tena, akaipata. Nilikuwa nimemshika Mama goti na nadhani nilimuumiza. Alipofika mlangoni kwetu alisimama, akalipapasa fundo kwenye nguzo, akavuta kidogo kama anayejaribu uzito.

"Hii kamba ng'ombe wake yuko wapi?" akauliza.

Mama alifunika mdomo. Ng'ombe alikuwa amerudi, asubuhi, bila kishikwambi wala mtu wa kumwandika. Nilikuwa nimelala siku zote zile namlilia ng'ombe huyo.

"Walikwisha kwenda, Mama," mama akamjibu. "Uliwatoa."

"Niliwatoa wapi?"

"Kwetu. Ukanioa mimi."

Bibi alimtazama. Hakumjua, hilo lilionekana wazi, na mama aliliona kabla yangu. Alimkagua kutoka miguuni, akapanda polepole mpaka kwenye kilemba, kama mtu mnadani anayemwangalia mtamba.

"Walikuwa wengi?"

"Wengi."

Bibi akatikisa kichwa, ameridhika. "Hawakunipunja," akasema, akaachia kamba, akaingia ndani kuota moto.